Dada, mwaka huu iache Unguja

Dada yangu,

Shikamoo. Juzi kwenye grupu la familia uliuliza Kisiwa cha Msumbiji, kile cha mji wa kale pwani ya kaskazini ya nchi hiyo, kina nini ambacho Unguja haina, watu wakacheka na mimi nikanyamaza. Nakujibu leo, tena hadharani, kwa sababu najua wapo wengi wenye swali hilohilo.

Njia kwanza, maana wewe bila kujua njia husikilizi kitu. Usivuke kutoka Mtwara kwa barabara kukatiza Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa la Msumbiji. Usalama wa huko si wa kuchezea. Panda ndege ushukie Nampula, halafu kuna kama kilomita 180 za lami hadi pwani kwa chapa, ndiyo daladala zao. Daraja la kuingilia kisiwani lina zaidi ya kilomita tatu na njia ni ya gari moja, hivyo dereva akiona mwenzake anakuja hujibanza kwenye sehemu iliyotanuliwa wapishane. Kisiwa chenyewe hakizidi kilomita tatu kwa urefu na nusu kilomita kwa upana. Utakizunguka kwa miguu hata na goti lako hilo.

Sasa sikia. Wageni wengi hukaa upande wa kaskazini, kwenye mji wa mawe, wanapiga picha za milango na kuta zilizomomonyoka, wanakula pweza, wanaondoka. Wewe anza kusini, kwenye mji wa makuti. Simama barabarani uangalie nyumba: paa liko usawa wa macho yako. Unatazama makuti, na huku chini, kwenye shimo pana, watoto wanacheza, mama anakoka moto, nguo zimeanikwa. Si kwamba nyumba ni fupi. Ardhi ya huku ndiyo iliyochimbwa mawe ya matumbawe ya kujengea majumba ya kaskazini, na walioyachimba na vizazi vyao wakajenga humohumo machimboni. Mvua ikinyesha, maji yanawafuata ndani. Ukishayaona hayo, ndipo uende kaskazini, na nakuhakikishia ukuta wa jumba la gavana hutautazama kwa macho yaleyale.

Jumba hilo, lenye rangi nyekundu, lilianza kama chuo cha Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, mwaka 1610. Kisiwa kilikuwa makao makuu ya Wareno katika pwani yetu hii hadi 1898, mji mkuu ulipohamishiwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Meli nazo zikahamia bandari ya Nacala. Hapo ndipo mji ulipoachwa ukazeeka peke yake, na UNESCO ikaja kuuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991.

Ngome ya Wareno ya São Sebastião usiikimbilie. Ina ua mkubwa uliosakafiwa na kuinamishwa ili kila tone la mvua liishie kwenye birika chini yake, maana kisiwa hakina chemchemi. Waholanzi waliizingira mwaka 1607, wakarudi 1608, mji wakauchoma lakini ngome wakashindwa kuiteka. Kwenye ncha, nyuma ya ngome, kuna kikanisa cha mwaka 1522, kidogo kuliko sebule ya mjomba, ambacho hutajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote ya Wazungu yaliyobaki kusini mwa ikweta.

Uliniambia umechoka na miji inayojisifu kuwa ya mchanganyiko. Huku mchanganyiko hauna bango. Kuna msikiti, kuna makanisa, kuna hekalu la Wahindu, vyote ndani ya mwendo mfupi. Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Diu huko India, walishika biashara ya pembe za ndovu na vitambaa tangu karne ya 17. Tarika ya Shadhiliya, moja ya njia za Kisufi za Kiislamu, ilifika mwaka 1897, na Kadiria, tarika nyingine iliyokuja muda mfupi baadaye, ililetwa kutoka Unguja. Kwa hiyo hata kwa wazee wetu huendi ugenini. Nyumbani watu husema Kimakua cha pwani, Kinahara, ambacho kimeokota Kiswahili kingi. Utanasa neno hapa, neno pale, halafu utapotea. Kwenye ofisi na hoteli ni Kireno. Jifunze kusalimia walau.

Wanawake hupaka mussiro usoni, kama liwa ya kwetu. Nilimwona mmoja akiusaga: kijiti cha mti, kijiwe bapa, maji kidogo, anasugua taratibu mpaka rojo jeupe linatoka, na muda wote huo anamgombeza mtoto aliyemwaga unga. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Naijua simu yako.

Kuna jambo zito ambalo sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza ukiwa huko. Mchanganyiko huo ulikuwa na soko la watu. Kutoka hapa walipelekwa Brazili, Morisi na Reunion. Desemba 1794 meli ya Kireno, São José, iliondoka hapa na zaidi ya watu 400 waliofanywa watumwa. Siku chache kabla ya mwaka kwisha ikapasuka kwenye miamba karibu na Cape Town, na karibu nusu yao wakafa. Mwaka 2015 udongo kutoka Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa, ulipelekwa na kumwagwa baharini mahali meli ilipozama. Kisiwani ipo bustani ndogo ya kumbukumbu. Watu wengi huipita.

Usiende Januari hadi Machi. Ni msimu wa vimbunga, na Gombe, kilichotua Mossuril Machi 2022, kiliezua mapaa mengi. Juni hadi Septemba pana upepo na jua la kuvumilika. Badilisha fedha upate metikali, sarafu yao, ukiwa Nampula. Ukifika, muulize mwenye nyumba kama anaweza kukupikia matapa ya siri-siri, mchuzi wa mmea wa pwani unaochemshwa na tui, ila mwambie mapema, kwa sababu si chakula cha kuagiza ukiwa umeshakaa mezani na njaa.

Watoto wako waache kwangu. Nimeshaongea na shemeji, na hakukataa.

Mdogo wako