Maandalizi ya kipindi cha Jumamosi: kano na ligamenti

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Jumamosi tutasoma tishu unganishi yenye nyuzi zilizosongamana kwa mpangilio, yaani ile inayojenga kano na ligamenti, nami naomba kila mmoja aipapase kwanza kano yake ya kisigino, kwani sioni mfano ulio bora kuliko huo. Ndani yake nyuzi za kolajeni, yaani protini ngumu ya tishu hii, zimelala sambamba, zimebanana kama nyuzi za kamba ya nanga, na katikati yake zimejipanga safu nyembamba za faibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni hiyo. Mpangilio huo huifanya kano istahimili mvuto mkubwa kwa urefu wake, kama msuli wa kigimbi unapoinua kisigino, lakini ikivutwa kutoka ubavuni huwa dhaifu, na hapo ndipo watahini hupenda kutunasa. Mishipa ya damu ni michache, ndiyo maana kano iliyochanika hupona polepole, mara nyingi kwa miezi kadhaa.

Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti, mfupa na mfupa. Tafadhali tusizichanganye tena.

Mwenye slaidi za hadubini aje nazo.