Kwa mdogo wangu, kuhusu orodha ya Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Ni miezi saba sasa tangu tuzungumze kwa zaidi ya salamu, na nimeona heri nikuandikie hadharani, kwa kuwa kila nikikupigia simu tunaishia kuulizana habari za watoto, kisha tunaagana. Najua unayasoma ninayoyaandika hapa, maana shemeji aliniambia.

Nataka tuzungumze kuhusu orodha. Wewe ndiwe uliyeianzisha, na sifa hiyo sikunyimi hata leo. Ulipoolewa mbali, katika nyumba ambayo watu wake hawajui neno hata moja la lugha yetu, na Mama naye hajui hata moja la lugha yao, ulitafuta njia ya kuwakutanisha wazazi wawili wasioweza hata kusalimiana, ukaipata ndani ya Spotify, programu ya kusikilizia muziki: orodha moja ya nyimbo ambayo kila aliyealikwa anaweza kuingia na kuweka wimbo wake, na jina lake likaonekana ubavuni mwa ule wimbo. Kitu hicho kimekuwapo tangu programu ile ilipozinduliwa Uswidi mwaka 2008. Kwetu kilianza jioni ile ulipokaa na Mama kwenye simu ya video ukimwelekeza pa kubonyeza, naye akikuuliza kila mara kama wimbo wake umeshafika huko.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza vibaya? Mama aliweka nyimbo 12 za kwanza, akasubiri. Mama mkwe wako hakuonekana kuweka kitu. Wiki tatu zikapita na Mama akaanza kusononeka, akasema labda mwenziwe hakuzipenda, labda ameona ni kelele. Ni mimi niliyegundua, baada ya kuchokonoa mipangilio ya simu na kuiamuru ionyeshe nyimbo zisizoweza kuchezwa, kwamba yule mama alikuwa ameshaweka 9. Zilikuwamo muda wote, zimefichwa, kisha zikatokea kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia, kwa sababu haki za muziki huuzwa nchi kwa nchi na waliozimiliki hawakuwa wamezitoa kwa nchi yetu. Huko kwenu zilikuwa zikiimba. Huku kwetu zilikuwa bubu. Na yeye wakati huo, uliniambia mwenyewe, alikuwa akijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno juu ya zawadi zake. Usiku uleule Mama alikutaka umwambie kwamba ameyaona majina ya nyimbo, na kwamba atazisubiri. Sijui kama ulimfikishia kwa maneno hayo. Natumaini ulifanya hivyo.

Baadaye ikaja ile qawwali, wimbo wa kidini wa Kisufi, ya dakika 25, na wewe ukaanza kuona haya kwa niaba ya wakwe zako. Ulinipigia ukaniomba nimwandae Mama kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu mno. Mama aliusikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba, na mwishoni akasema kwamba yule mwimbaji anamwomba mtu asiondoke. Hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Programu ile huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mara zinapotimia sekunde 30, lakini sekunde 30 za qawwali ni kinanda cha hamoniamu kinachojitafutia njia tu. Sauti ya kwanza huja baadaye, na makofi baadaye zaidi. Mtu anayeuacha wimbo wa namna hiyo kwenye sekunde ya 40 ameupima mlango bila kuingia ndani.

Sasa nifike kwenye kile ninachoshindwa kukisahau.

Ilikuwa usiku wa tatu baada ya kumzika Mama. Wote walikuwa wamelala, nami nilikuwa nimejilaza ubavu, simu iko mkononi, sauti nimeizima, nikiteremka polepole katika orodha kusoma jina lake. Sikutaka kusikiliza, nilitaka kuliona jina lile kwenye kila mstari, pamoja na tarehe. Orodha ilikuwa na nyimbo 214. Ghafla mstari mmoja ukatoweka mbele ya macho yangu na ule wa chini yake ukapanda kuchukua nafasi. Kisha mwingine. Nilidhani ni mtandao. Nikafunga, nikafungua: 190. Nikakaa kitako. Nilitazama zikipungua moja baada ya nyingine, kama mtu anayetazama taa za nyumba ya jirani zikizimwa chumba kwa chumba, na sikujua nimpigie nani kwa kuwa sikujua ni nani anayezizima. Programu huandika jina la aliyeweka wimbo, lakini haiandiki la aliyeutoa. Ziliposimama zilikuwa 131. Ndipo ujumbe wako ukaingia: «Nimeisafisha kidogo, sasa inasikilizika.»

Neno hilo, mdogo wangu. Inasikilizika.

Ulinieleza kesho yake kwamba ulitaka tuicheze kwa pamoja, sisi huku na ninyi huko, kwa ajili yake, na kwamba usingeweza kuwaketisha wageni wa pande mbili mbele ya orodha yenye wimbo uleule mara tatu mfululizo. Uliamini kwamba Mama alikuwa amebonyeza kimakosa, na kwamba kidole cha mzee hakiwezi kuwa na nia. Lakini programu ile, mtu akitaka kuweka wimbo uliokwisha kuwemo, humsimamisha na kumwambia kwamba wimbo tayari umo, kisha humuuliza kama auongeze hivyohivyo au auache. Mama aliulizwa. Aliulizwa kila mara, na kila mara akajibu uongezwe. Alitaka ule wimbo usikike mara tatu, kama alivyokuwa akituamuru turudishe kaseti nyuma hata kabla sauti ya mwisho haijazimika, na wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kuirudisha kwa kalamu ya wino ili betri zisiishe. Ulisahau vipi?

Nilijaribu kuzirejesha. Orodha nzima ikifutwa, mwenyewe anaweza kuirudisha ndani ya siku 90; wimbo mmoja mmoja uliotolewa ndani yake hauna pa kudaiwa. Nikautafuta ule wimbo wake, nikauweka upya. Ukakaa palepale pa zamani baada ya kuuvuta kwa kidole, lakini ubavuni mwake pakaandikwa jina langu na tarehe ya siku ile. Nilikuwa na wimbo wote, kuanzia gitaa la kwanza mpaka ngoma ya mwisho, na Mama hakuwamo. Niliutoa tena. Hicho ndicho ninachotaka ukielewe kuliko chochote: hukufuta muziki, maana muziki ule uko popote mtu anapoutafuta. Ulichofuta ni ushahidi kwamba siku fulani mama yetu aliketi, akafikiri habari za mwanamke asiyemjua, akasema, huyu nimpe huu.

Nakusihi, kwa sababu una orodha nyingine na wengine, na najua hata kazini mnayo ya watu wa nchi tano: usitoe wimbo wa mtu bila kumwuliza, hata kama huelewi neno lake moja, na hasa kama huelewi. Mama alipenda rumba za Kihispania maisha yake yote bila kujua Kihispania. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Kuba, nazo zikauzwa Afrika kwa watu ambao lugha ile hawakuijua hata kidogo. Wanamuziki wa Kongo waliimba wakiigiza sauti za Kihispania zisizo na maana yoyote, kisha wakatia Kilingala, mpaka ikawa rumba yao wenyewe, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Mtu mmoja nadhifu akisimama mlangoni mwa duka la santuri na kuondoa zisizoeleweka, yote hayo yanakosekana.

Ndiyo, na mimi nilikutoa. Nilipoupata ujumbe wako sikukujibu. Niliingia kwenye orodha, ambayo uliiweka chini ya jina langu kwa kuwa ulisema mimi ndiye mkubwa, nikakuondoa miongoni mwa wenye ruhusa ya kuibadilisha. Umemwambia shemeji kwamba nilikufukuza msibani. Sikukufukuza. Zile kaseti za Mama zilikuwa na vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu, na kaseti aliyoipenda alivivunja kwa ncha ya kisu ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Hakuna aliyemwita mchoyo kwa hilo, na wewe mwenyewe ulimshikia tochi. Nilifanya kile ambacho angekifanya. Zilibaki 131, na katika hizo 46 zina jina lake, na nisingengoja niamke nikute 40. Kama ulikuwa na uchungu, nami nilikuwa nao, na mtu aliye katika uchungu hushika kinachoweza kushikika. Ningeweza kukupigia kwanza. Nakubali kwamba ningeweza kukupigia.

Mwezi uliopita ulinitumia mwaliko wa Blend, ile orodha ya Spotify iliyoanzishwa mwaka 2021 kwa watu wawili, ambayo mashine huyachanganya yenyewe yale ambayo kila mmoja amekuwa akiyasikiliza. Nilijua ni mkono wa suluhu, na sikuupokea. Humo hakuna anayempa mwenziwe kitu. Kila mmoja anaendelea na yake na mashine inakadiria. Sitaki kukadiriwa nawe.

Mama mkwe wako bado anaweka. Ya mwisho aliiweka Jumanne, na safari hii inachezeka huku. Mwambie nimeisikia yote.

Ruhusa yako sijairudisha bado. Ila nimeanza kuandika kwenye daftari mpangilio wa Mama kama ulivyokuwa, kwa mkono, jina la wimbo na tarehe, na nimekwama. Nakumbuka mpaka wa 26. Wa 27 na zile tano zilizofuata aliziweka usiku ule alipokuwa na homa, mimi nikiwa safarini, nawe ulikaa naye kwenye simu mpaka akalala. Ziandike kama alivyozifuatanisha, pamoja na zile zilizojirudia, unitumie.