Muulizeni mgonjwa alikotoka kabla ya kumpima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna wasafiri wanaorudi Kigoma kutoka nchi jirani wanavyopimwa vimelea. Mpwa wangu alikwenda Kalemie, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, kufuata vitenge, na kwa siku kumi alizokaa huko alikuwa akioga ziwani kila jioni. Wiki ya nne baada ya kurejea alishikwa na homa, kikohozi na vipele vya kuwasha. Zahanati aliyokwenda ilimtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, ikapima na choo, kisha akaambiwa hana kitu.

Nimestaafu kazi ya maabara, na sina shaka kwamba majibu yale yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuyafanya ndiyo mwisho wa habari. Homa ya kichocho kichanga humpata mtu wakati minyoo ingali inakua mwilini, ilhali mayai huanza kuonekana kwenye choo au mkojo baada ya zaidi ya mwezi mmoja tangu aingie majini, kwa hiyo anayepimwa mapema hurudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Hata prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikitolewa mapema mno huacha minyoo michanga, na hulazimu kurudiwa.

Saa nayo ina uzito wake. Mkojo wa kutafuta kichocho huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Damu ya kutafuta vimelea vya matende huchukuliwa saa hizohizo, lakini za usiku, jambo ambalo wagonjwa hudhani ni mzaha.

Linalonitia hofu zaidi ni malale. Kipimo cha haraka hutafuta malaria peke yake, wakati slaidi ya damu chini ya darubini ingeweza kumwonyesha mpimaji vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Malale ya kwetu humlemea mtu ndani ya wiki chache, lakini ile iliyozoeleka Kongo yaweza kujificha miezi, hata miaka, mgonjwa akawa amekwisha kuisahau safari yenyewe.

Naziomba zahanati za mkoa wetu ziandike kwenye daftari la kila mgonjwa wa homa alikuwa wapi na alirudi lini. Mpwa wangu aliulizwa hivyo wiki ya tisa, katika kituo kingine, na mayai yakaonekana siku hiyohiyo.

Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Ujiji, Kigoma