Mwanangu, rudia sura ya treni

Neema mwanangu,

Insha yako nimeisoma mara mbili. Lugha imenyooka, najivunia. Lakini ukurasa wa tatu umeandika kwamba Pozdnyshev, yule mume katika hadithi ya "Kreutzer Sonata" ya Tolstoy, alimuua mkewe kwa kumpenda kupita kiasi. Hapo sikubali, mama. Ule ni wivu. Rekebisha kabla hujapanda meli ya Bukoba.

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika alichokiona, kulia alichokidhani. Kushoto utapata machache: barua ya mke inayotaja kuwa mpiga fidla, yule anayemwonea wivu, alileta nota za muziki, koti la mgeni huyo likining'inia, yeye na mke wawili tu usiku. Kulia utajaza kurasa. Angalia hasa safari yake ya kurudi nyumbani baada ya barua ile, muda wa saa nane ndani ya treni. Njiani hapokei habari yoyote mpya, ila akishuka ameshahukumu. Wazimu wake unaingia kwa hoja, moja ikiivuta nyingine, na kila moja peke yake ni ya mtu timamu. Nyumbani anavua viatu asisikike, anatwaa jambia. Halafu msimuliaji ni yeye mwenyewe. Marehemu tunamsikia kupitia mdomo wa aliyemuua. Mahakama ilimwachia, wewe usimwachie. Anakiri mwenyewe kwamba alimwona mkewe kuwa binadamu kwa mara ya kwanza alipokuwa anakata roho. Sasa hayo mapenzi uliyoyaandika yalikuwa ya nani?

Umemsifu pia yule mume daktari katika hadithi ya Charlotte Perkins Gilman ya 1892. Ni mpole, kweli. Lakini tiba anayompa mkewe ni kupumzishwa tu, hataki aandike, na chumba alichomchagulia kina vyuma madirishani na kitanda kilichopigiliwa sakafuni. Gilman aliijua tiba hiyo mwilini mwake: mwaka 1887 Dkt. Weir Mitchell alimlaza, kisha akamwagiza asishike kalamu tena.

Dada yako kaniambia mwenzio anataka namba ya siri ya simu yako, nawe hukukataa. Umesoma vitabu vyote hivyo, Neema! Mpigie naye mstari katikati ya ukurasa. Akikuambia ni mapenzi, muulize ameona nini.

Dagaa wamekauka. Usiwafunge kwenye nailoni wakiwa na joto la jua, watatoa unyevu na kuota ukungu. Waache wapoe kwanza kivulini. Sato wa shangazi yako nitamfuata soko la samaki la Mwaloni asubuhi ya safari. Insha niletee Jumapili, na ile beseni kubwa uliyoichukua pia.

Mama yako