Altezza si Celica, hata ukiifunga turbo

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lenu liliandika kuhusu vijana wa hapa Lubumbashi wanaonunua magari ya spoti ya zamani kutoka Japani na kuyafunga turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Mwandishi wenu alisema Toyota Altezza ikifungwa turbo inakuwa sawa kabisa na Celica GT-Four, Toyota nyingine iliyotoka kiwandani na turbo, na tofauti inayobaki ni bei tu. Naomba nafasi nipinge jambo hilo, maana hapa mezani kwangu kuna pistoni ya Altezza inayolipinga.

Mimi si mgeni wa turbo. Nilifanya kazi miaka 27 kwenye garaji la magari makubwa ya mgodi, na turbo nilizofungua kwa mikono hii siwezi kuzihesabu. Ila zile zilikuwa injini za dizeli. Dizeli inabana hewa peke yake, mafuta yanaingia mwishoni, ndiyo sababu unaweza kuipa hewa nyingi na ikavumilia. Injini za petroli kama ile ya Altezza zinabana hewa ambayo imeshachanganyika na mafuta, kisha zinangoja cheche ya plagi. Ukibana kupita kiasi, au hewa ikiingia na joto kali, mchanganyiko ule haungoji tena. Unalipuka wenyewe, na injini inaanza kugonga. Wengi wanaosema turbo ni turbo wanasahau hapo.

Mtoto wangu wa tatu alinunua Altezza RS200 ya gia sita. Kwenye karatasi injini yake ya lita 2 ina nguvu ya farasi 210, lakini farasi hao wanapatikana injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Nani anafika huko kila siku, kati ya mashimo na malori? Jirani yetu ana Celica GT-Four ya aina ya ST205, nayo ni lita 2, ya ukoo uleule wa injini unaoitwa 3S. Hiyo ina farasi 255 kwa hesabu ya Japani, na mvuto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita 304 unaupata kwenye mizunguko 4,000 tu. Altezza ina kama 216, tena kwenye mizunguko ya juu zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa. Sisi hapa tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa yetu ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi. Farasi 210 waliopimwa kwenye usawa wa bahari hapa wanabaki kama 180 hivi. Celica nayo inasikia mwinuko, lakini kidogo, kwa sababu turbo yake inazunguka kwa kasi zaidi kufidia sehemu ya ile hewa iliyopungua. Kwa hiyo nakubaliana na vijana kwenye jambo moja: mtu wa Lubumbashi ana sababu nzuri ya kutamani turbo kuliko mtu wa Dar es Salaam.

Tulizilinganisha wenyewe, Jumapili moja asubuhi sana, barabara ya Likasi ikiwa tupu, moja baada ya nyingine, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mimi nikishika simu ya kupimia muda. Tulirudia mara nne. Kila mara Altezza ilianza vizuri, inaitika hapohapo ukigusa pedali. Celica ilianza kama imelala, kisha ikiamka inakubandika kwenye kiti, na mwisho muda wake ndio mfupi. Nilimwona kijana wangu usoni. Nikajua feza yake itaelekea wapi.

Alikwenda kwenye garaji moja, jina nitaliacha, akalipa dola 1,400. Walimfunga turbo iliyotoka kwenye gari lingine, wakamwekea msukumo wa hewa wa nusu baa, wakamwambia nusu baa ni nusu ya nguvu juu ya wale farasi 210 wa kwenye karatasi. Hesabu hiyo si sahihi. Saa ya turbo inayopima msukumo huo inahesabu kuanzia hewa ya hapa ulipo. Hewa yetu ni kama baa 0.88, ongeza 0.5, unapata 1.38. Ukilinganisha na injini ileile iliyoko pwani bila turbo, umeongeza kama theluthi moja tu. Na hewa ukiibana inapata joto. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hewa inayoingia na nyuzi 33 inatoka kwenye turbo na karibu nyuzi 90. Intakula ya kuipoza hawakuweka. Walisema itafuata baadaye.

Ilidumu siku 19. Walikuwa wanarudi kutoka Likasi mchana, gari limepakia watu wanne. Aliniita kwa simu, nikaenda na kamba. Nilipofungua boneti, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa nje na oili imerashwa hadi kwenye betri. Hapo nilijua kabla ya kugusa chochote: moshi wa mlipuko unapita kando ya pistoni na kushuka chini kwenye oili. Nyumbani nilitoa plagi. Ya silinda ya tatu, kwenye kauri yake nyeupe, ilikuwa na vidoadoa vinavyong'aa kama unga wa fedha. Ile ilikuwa alumini ya pistoni yenyewe. Tulipoitoa pistoni, ukingo unaoshika ringi za juu ulikuwa umemegeka upande mmoja, kama mhogo uliotafunwa na panya.

Kwa nini ya Celica haijavunjika miaka yote hiyo? Kwa sababu ilizaliwa na turbo. Kompresheni yake, yaani kiasi inachobana mchanganyiko ndani ya silinda, ni 8.5 kwa 1. Ya Altezza ya mtoto wangu inapita 11 kwa 1, na hata bila turbo mtengenezaji aliitaka inywe petroli ya oktani ya juu, si esansi ya kwenye madumu ya kandokando ya barabara. Chini ya kila pistoni ya Celica kuna kijibomba kinachorusha oili kuipoza. Intakula yake inapozwa kwa maji. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda Safari Rally na Celica iliyoitangulia hii, ST185, kwenye vumbi na joto la Afrika Mashariki. Gari halifiki huko kwa sababu mtu fulani alipachika turbo Ijumaa jioni.

Kuna na hili la hatari, ambalo kama mzazi linaninyima usingizi kuliko pistoni. Magari haya yana usukani kulia, na sisi tunapita upande wa kulia. Ukiwa nyuma ya lori la shaba, dereva haoni mbele. Mtoto wangu alikuwa ananiuliza mimi niliyekaa kushoto: "Papa, hakuna motoka inakuya?" Nikijibu hakuna, anakanyaga. Altezza ya mwanzo ilikuwa inaitika papo hapo. Yenye turbo ile kubwa ya kuokota ilikuwa inangoja, inangoja, na nguvu inakuja tukiwa tayari katikati ya njia ya wenzetu.

Sikatazi turbo. Mwenye Altezza na feza za kutosha atafute injini nzima ya Celica ile, inayoitwa 3S-GTE, pamoja na kompyuta yake, au abadilishe pistoni apate kompresheni ya chini, na intakula, pampu ya mafuta na nozeli za kuyarusha zije kabla ya turbo. Breki pia. Chujio la hewa liwe zuri, maana vumbi letu jekundu linakula mapanga ya turbo, na kabla ya kuzima gari aliache lingurume polepole dakika moja, oili isiungulie kwenye beringi. Asiyeweza hayo yote aiache injini kama ilivyo, atie plagi mpya na petroli nzuri. Naomba mwandishi wenu akiandika tena awaulize mafundi swali moja tu: kompresheni ya injini hii ni ngapi? Fundi asiyeweza kujibu asikabidhiwe gari.

Pistoni ninayo bado, na plagi yake. Kijana yeyote anayetaka kuziona kabla ya kutoa dola zake aje kwangu jioni yoyote. Nitamwonyesha bila malipo.

Fundi mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi