Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha watazama ndege: mwaka 2024, Mida, Sabaki na madimbwi ya bara

Asalaam aleikum, hamjambo, na nyinyi mlioko mbali habari za huko. Najua taarifa hii ilitakiwa iwafikie kabla ya Krismasi na imechelewa, katibu kanikumbusha wee mpaka kachoka kwa hivyo msimlaumu yeye, nilaumuni mimi. Nimekaa na madaftari yote ya mwaka, ya karatasi yaliyolowa na yale ya kwenye simu, na nitawaambia tulivyoona na tulivyokosa kuona.

Naanza na aibu yangu manake ndiyo iliyotufaa zaidi.

Jumamosi tarehe 13 Januari tulikuwa na hesabu ya ndege wa majini pale Mida, ile hori ya bahari karibu na Watamu, hesabu ya kila Januari. Tangazo la grupu nilitengeneza mimi mwenyewe na nikaandika "tukutane saa 10". Mimi nilikuwa naangalia saa ya simu, kwangu 10 ilikuwa saa nne asubuhi, kwa sababu siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji hupwa saa zile na tope hubaki wazi mpaka mbali. Vijana wakaelewa wakaja. Wazee wetu, ambao saa kumi kwao ni saa kumi, wakalala usingizi wao wa mchana, wakaswali alasiri, wakapanda tuktuk.

Sisi wa asubuhi tuliwakuta ndege ndio, lakini wametapakaa kwenye tope lote, jua la kaskazi linawaka, hewa inachezacheza juu ya tope mpaka ukiweka jicho kwenye teleskopu hujui kama ni kitwitwi, yule ndege mdogo wa topeni, au ni bonge la udongo. Nina karatasi ya siku ile hapa mbele yangu. Mstari wa sita umeandikwa "vitwitwi wadogo: wengi". Mtu mzima, mwenyekiti, naandika "wengi" kwenye karatasi ya hesabu!

Wazee wakafika maji yanamalizia kujaa, mikoko imezama magoti, tope hakuna. Simu nilizopigiwa jioni ile nitaziacha. Lakini mmoja wao ambaye amevua samaki Mida tangu utotoni akawaambia wenzake ndege hawakuzama, wako mahali wamesimama wanangoja, tuwatafute. Wakafuata ukingo taratibu na kweli, kwenye ulimi wa mchanga uliobaki wakawakuta wote wamebanana, sululu wenye midomo iliyopinda kwa nyuma, cheleko katikati wamesimama mguu mmojammoja, vitwitwi mbele, na wote wameelekeza midomo upepo unakotoka kama watu kwenye foleni. Hapo unahesabu mmojammoja. Walihesabu mara tatu na mara zote tatu namba zikakaribiana. Karatasi yao ndiyo tuliyoituma, yetu nimeihifadhi mimi kama kumbukumbu ya adhabu.

Tangu siku hiyo tunahesabu maji yakiwa yanajaa, na kila karatasi ya chama ina safu mpya ya "maji": yanapwa, yamekupwa, yanajaa, yamejaa, bamvua au maji mafu, yale yasiyopanda sana. Ukileta orodha bila safu hiyo katibu anakurudishia. Wengine mmelalamika ni urasimu. Si urasimu, kwa sababu Mida ile ile, siku ile ile, bamvua linapanda zaidi ya mita 3, na ukisema "Mida leo hakuna ndege" bila kusema maji yalikuwaje hujaniambia kitu.

Sasa cheleko. Wanachama wapya huniuliza kwa nini tunamshabikia hivi, ndege mwenyewe mweupe na mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo la fundi. Basi mwangalieni anavyokula. Anatembea, anasimama, anatembea, halafu anakimbia ghafla na kuchomoa kaa tundu lake kabla hajaingia. Na huyu ndiye peke yake katika ndege wa pwani wa jamii hii anayechimba shimo kwenye mchanga akaweka kiota ndani, joto la mchanga lenyewe linamsaidia kuatamia, na anataga yai moja tu, jeupe. Hatagi kwetu. Anatagia visiwa na fukwe za kule Ghuba, Bahari ya Shamu, Somalia na Omani, halafu anateremka huku. Mmoja wetu ana binamu anafanya kazi Maskati na ametutumia picha ya cheleko wa upande ule, tukaitazama simu kwa simu pale kwenye daraja la mbao la Mida linaloning'inia, ndege ni yule yule, mchanga tu ndio mwingine.

Mwezi wa Novemba tulikaa saa nzima na mama mmoja na mwanawe. Mtoto keshakuwa mkubwa kabisa, amesafiri maelfu ya kilomita kwa mbawa zake, mgongo bado wa kijivu, na bado anamfuata mama nyuma nyuma akilia kwa mluzi mwembamba akiomba chakula. Mama akakamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikadondoka, mtoto akafika mbio akachukua. Dada mmoja mwanachama akasema huyu ni kama mwanangu, ana kazi Nairobi lakini bado ananipigia nimtumie ya umeme. Tukacheka mpaka ndege wakasogea mbali kidogo.

Sabaki. Pale mto unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi mwaka huu palikuwa pagumu. Mvua za masika zilizoleta mafuriko nchi nzima zilijaza mto udongo wa bara, maji yakawa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, na viboko wakawa wanatokea mahali ambapo mwaka jana tulikuwa tunakaa kula viazi karai. Safari ya Aprili tuliifuta. Mei 11, siku ya ndege wanaohama, tulienda wachache, na mada ya mwaka huo duniani ilikuwa wadudu na umuhimu wao kwa ndege, sasa bahati nzuri tukapata somo lenyewe hewani, pratinkoli wa Madagaska. Huyu ukimwona akiruka utadhani mbayuwayu aliyekua kupita kiasi. Ametua ni wa kahawia, miguu mifupi, amelala kwenye mchanga kama kokoto, unaweza kumkanyaga. Anazaa Madagaska, anakuja kwetu na kusi, anakaa mpaka karibu Septemba. Jioni waliinuka kwa pamoja kufukuza wadudu juu ya mto, na kijana wetu aliyekuwa na kaunta ya kuhesabia mkononi akaacha kubonyeza akabaki mdomo wazi. Nilimgombeza, halafu nikagundua hata mimi sijaandika kitu.

Buabua na shakwe pale mdomoni mwa mto walikuwepo kama kawaida. Hapo lazima nitaje ile ripoti ya Julai ya "shakwe mgeni kabisa, mweupe mwote, hajawahi kuonekana Sabaki". Picha ilipokuzwa ikawa ni mfuko wa plastiki umenasa kwenye kijiti. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 kwa hivyo mhusika anadai nayo ni nadra na iingie kwenye orodha. Kamati imekataa.

Pipiti wa Malindi, yule wa kwenye nyasi za karibu na maji, tulimwona mara mbili tu, na hapo sijui niseme ndege wamepungua au sisi ndio tuliopungua, manake njia tuliyokuwa tunapita kufika kwenye nyasi zile sasa ina ukuta. Tunaongea na chifu. Kaskazini zaidi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni tulienda mara moja, flamingo walikuwepo, joto lilikuwepo, basi.

Bara tulienda kwenye mapori ya Dakatcha, nyuma ya Malindi, kumtafuta kwera wa Kilifi. Wengi mnamjua kama ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wa manjano na mweusi, anapita juu kabisa kwenye miti na kundi lake halafu anapotea. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza 1913, na kiota chake kikaja kuonekana 2013, miaka 100 kamili, tena si msituni, ni kwenye dimbwi la msimu huko Dakatcha, ndani ya nyasi za majini. Yaani ndege anayeitwa wa msitu anahitaji bwawa, na si kila bwawa, na si kila mwaka. Tulitembea tangu alfajiri, tukaingia madimbwi matatu, maji yalikuwa ya kutosha mpaka viatu vya mweka hazina vikabaki humo mpaka leo. Kwera hatukumwona hata mmoja. Orodha imeandikwa sifuri.

Na nataka niseme kuhusu hiyo sifuri kwa sababu watu watatu waliniomba safari hiyo isihesabiwe. Itahesabiwa. Mwaka huu tulikuwa na orodha nyingi za siku nzuri na chache sana za siku mbaya, na mimi siamini kwamba siku mbaya zilikuwa chache, naamini watu walifika, hawakuona cha kupiga picha, wakarudi nyumbani bila kuandika. Ukiangalia daftari letu la Mida la mwezi wa Agosti utadhani hakuna mtu aliyekanyaga huko, na mimi mwenyewe nilikutana na wanachama wanne huko! Hata kwenye Kenya Bird Map, ile ramani ya ndege inayojazwa na watu kama sisi, mnaotuma orodha zenu kule mnajua, kila kimraba cha ramani cha kama kilomita 9 kwa 9 kinatakiwa utembee angalau saa mbili uandike kila unachokutana nacho, kunguru na yangeyange pia, siyo wale unaowataka tu.

Sababu ya kusisitiza ni hii. Tarehe 28 Oktoba orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ile inayoonyesha viumbe walio hatarini kutoweka, ilitoka upya na ndege wa pwani kadhaa wakashushwa hali, na si wageni wa nchi za watu, ni hawa hawa wetu. Plova wa kijivu, yule mwenye kwapa jeusi akiinua bawa, sasa yuko kwenye walio hatarini. Kitwitwi mdomo-mundu hivyo hivyo. Kitwitwi mdomo-mpana tunayejivunia Sabaki, hivyo hivyo. Na yule mdogo anayepindua mawe na mwani kutafuta chakula yuko karibu kuingia. Hao ndio tuliowaandika "wengi" tarehe 13 Januari. Nikisoma karatasi ile sasa naona haya mara mbili.

Mengine kwa ufupi. Mweka hazina atasoma hesabu zake mkutanoni, ada bado zinadaiwa na mnajijua. Mgeni mmoja alirusha droni juu ya ndege waliopumzika Mida wakaruka wote, tumeongea naye, ameelewa, na kuanzia sasa ukileta mgeni wewe ndiye unayejibu. Safari ya Juni ya delta ya Tana iliahirishwa kwa sababu ya hali ya nchi siku zile, tutaipanga tena baada ya Ramadhani.

Hesabu ya mwaka 2025 tumeisukuma kidogo ifuate bamvua, itakuwa Jumamosi tarehe 1 Februari, Mida. Wanaotaka kuwaona cheleko wakila waje saa nne asubuhi. Hesabu yenyewe inaanza saa kumi jioni maji yakiwa yanajaa. Nimeandika kwa maneno na katibu amekagua. Njooni na kofia na viatu vya kulowa, na mguu mmoja wa stendi ya teleskopu bado umefungwa na mpira wa baiskeli kwa hivyo tutaiegemeza kwenye ule mkoko mkubwa wa mchu karibu na daraja.