Kila tukikaribia kupandisha ukuta, Januari inatukuta

Kwako mshauri, na wasomaji wenzangu,

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za majukumu. Naandika watoto wakiwa wamelala na daftari la mahesabu liko wazi mbele yangu. Nimelichora wiki nzima hii na bado sijapata pa kushika.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu ni bodaboda, kijiwe chake kiko upande wa Msamvu. Pikipiki ni yake, mkataba alishamaliza. Tuna watoto watatu, na wa kwanza amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba hii, kwa hiyo Januari Mungu akijalia anaingia kidato cha kwanza. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwa 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 600,000 Januari, 600,000 Julai. Kule Mkundi tuna kiwanja chetu. Msingi umeshakaa, na pembeni yake kuna matofali 900.

Matofali hayo yalikuwa 1,500. Mwaka jana mume wangu aligongwa na gari akitoka kumshusha abiria, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili, akawekewa chuma. Bima ya afya hatukuwa nayo. Wiki kumi pikipiki ililala ndani. Akiba tuliyokuwa nayo yote ilikuwa imeshageuka tofali, na tofali halinunui dawa. Tukauza 600. Tulinunua kwa 1,300 kila moja, mnunuzi akaona hali yetu akatoa 800. Tukapata 480,000, tukapoteza 300,000. Siku wanapakia kwenye kirikuu mume wangu aliomba nimpeleke ndani, hakutaka kuona.

Tangu hapo tunabishana, wala si kwa ugomvi; tunabishana kama watu wawili wanaotaka nyumba ileile.

Yeye anasema kila shilingi inayobaki iende Mkundi. Fundi ametupigia hesabu ya 5,000,000 kupandisha ukuta, kuezeka vyumba viwili na kuweka milango, madirisha yazibwe kwa mabanzi kwanza. Hoja yake naiheshimu: kodi inatula 1,200,000 kwa mwaka, na tukihamia, pesa hiyo ni yetu. Anasema pesa ukiigawa mafungu inapungua nguvu, na pesa inayokaa kwenye simu haikosi mwenye shida nayo.

Mimi nimefika pengine. Nilikaa nikaandika kila kilichowahi kula pesa ya nyumba kwa miaka mitatu. Ukiacha mguu, vyote vilikuwa na tarehe. Kodi ya Januari, kodi ya Julai, vifaa vya shule. Hakuna hata kimoja kilichotuvamia. Kila mwaka Januari inakuja Januari, na kila mwaka sisi tunaipokea kama msiba. Ada hakuna shule za serikali tangu 2016, hilo nashukuru sana, lakini mtoto wa kidato cha kwanza anahitaji sweta, viatu, begi, madaftari makubwa na mchango wa chakula cha mchana. Sare nitashona mwenyewe. Vilivyobaki nimeviwekea 250,000.

Kwa hiyo mahitaji yenye tarehe ni 1,450,000 kwa mwaka. Nikagawa kwa wiki, ikaja karibu 28,000. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Ni 4,000 kwa siku. Inabebeka!

Mapato yetu ni haya. Mume wangu, akishatoa mafuta na ya sevisi, analeta kama 15,000 kwa siku kwa siku sita, yaani 90,000 kwa wiki. Mimi nikichanganya miezi mizuri na mibaya napata wastani wa 50,000. Jumla 140,000. Chakula 56,000. Mkaa, Luku, maji, sabuni na nauli za watoto 20,000. Mama mkwe wangu Kilosa tunamtumia 5,000, na hiyo siigusi, amemlea mume wangu peke yake. Inabaki 59,000. Nikitoa zile 28,000, tunabaki na 31,000 kwa wiki.

Hapo ndipo tunapoachana njia. Nataka hizo 31,000 zijaze kwanza mfuko wa dharura mpaka ufike 800,000, ndipo zianze kwenda Mkundi. Nimechagua 800,000 kwa sababu ni kama chakula na matumizi ya nyumbani kwa wiki kumi, zile wiki kumi za mguu. Mume wangu alipiga hesabu kwa kichwa, akaniambia: "Mama watoto, huo mfuko wako utachukua miezi sita kujaa. Nyumba itachelewa miezi sita. Miezi sita ni kodi 600,000. Kwa hiyo unataka tulipe 600,000 ili tuweke 800,000." Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba yale matofali tuliyauza kwa hasara ya 300,000 kwa ugonjwa mmoja, na hatujui wa pili utakuja lini. Akanyamaza, nikajuta kumkumbusha.

Swali langu la kwanza basi ni hilo. Kwa familia kama yetu, isiyo na mshahara, kipi kitangulie? Au tugawe, mathalani 15,000 dharura na 16,000 nyumba, japo vyote vitakwenda polepole? Nikumbushe pia kwamba wiki zetu hazilingani. Masika abiria ni wachache, kuna wiki haleti hata 60,000. Mimi Desemba na Januari nashona sare mpaka usiku wa manane, na kabla ya Idi vilevile, halafu Februari cherehani inapoa. Je, tuweke kiasi kilekile kila wiki au fungu la kile kilichopatikana?

La pili ni mahali pa kuweka. Niko kwenye kikoba cha akina mama 25. Hisa moja ni 5,000, mimi nanunua tatu kwa wiki, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Tunavunja katikati ya Desemba. Mwaka jana nilipata 890,000 pamoja na faida, na nimegundua kwamba kikoba kinaendana na Januari kama kimeshonewa. Fungu la Januari liko salama humo. Lakini Julai hakinisaidii, labda nikope kwa riba ya asilimia 10, na kukopa ili kulipa kodi sitaki. Fungu la Julai, kama 12,000 kwa wiki, tuliweke wapi ambapo hatutalichokonoa? Benki ya akaunti isiyo na kadi?

Na la dharura? Mwenzangu wa kikoba ameweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule uwekezaji wa pamoja ambao unanunua vipande, anasema vinapanda thamani taratibu na akiomba pesa inaingia ndani ya siku chache za kazi. Napenda kwamba haiko mkononi. Ila mguu ukivunjika Ijumaa usiku, siku chache ni nyingi. Nilifikiria 150,000 ikae kwenye simu na iliyobaki ndiyo iende huko. Anayetumia njia hiyo aniambie imemfaaje.

Sasa nafika kwenye lililonifanya niandike barua badala ya kumuuliza jirani.

Nina 430,000 ambazo mume wangu hazijui. Ziko kwenye laini ya pili ya simu. Baba alipofariki, ndugu zake walichukua vyombo mpaka godoro, na mama alituvusha kwa kile alichokuwa amekifunga kwenye pindo la khanga. Alinifundisha mwanamke asikose pindo. Sikuwahi kuona ni kumficha mume, niliona ni kumtii mama.

Lakini siku ile tunauza matofali, kwenye laini hiyo kulikuwa na 350,000. Kwa bei ile, zingeokoa matofali zaidi ya 400. Nilinyamaza. Niliogopa zikitoka zitaisha zote na mguu bado haujapona, watoto wangekula nini? Nilizitoa kidogo kidogo kwa unga na mafuta ya kupikia, nikimwambia mteja kalipa deni. Baadaye nikazirudisha na kuongeza. Mume wangu mpaka leo akipita Mkundi huyahesabu yale 900.

Na mipango yangu hii yote inamhitaji akubali kuwa na mfuko wa dharura, wakati mimi ninao tayari. Tena Julai ijayo fungu jipya litakuwa limejaa kama 300,000 tu, nusu ya kodi, na pesa pekee ya kuziba pengo bila kugusa ya nyumba ni ile ya laini ya pili. Nikiitoa kimyakimya nitakuwa nimesema uongo mwingine wa mteja. Nikimwambia, najua swali lake la kwanza litakuwa lini nilianza kuiweka.

Kikoba kinavunjwa wiki chache zijazo na tumeahidiana kukaa siku hiyo jioni kupanga mwaka. Nataka nikae naye nikiwa nimeshajua la kusema. Wanaume mnaosoma hapa, ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa vipi? Na akina mama mliowahi kufungua pindo mbele ya mume, mlianzia wapi?

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro